Visanamu vya Fantasia: Namna ya Kupiga Hatua Baada ya Vile vya Kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amekwisha kupaka rangi visanamu vichache vya michezo ya mezani, akavipanga, akarudi nyuma kidogo na kuona kwamba kila rangi iko mahali pake lakini kisanamu chenyewe kimepooza. Joho ni jekundu, buti ni za kahawia, upanga ni wa fedha, basi. Mara nyingi kosa haliko kwenye mkono unaotetemeka wala kwenye uchache wa rangi. Liko kwenye mambo mawili: maji yaliyomo ndani ya brashi, na tofauti ndogo mno kati ya sehemu yenye kivuli kizito na sehemu yenye mwanga mkali. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye moja ya hayo mawili.

Hilo la pili linatokana na ukubwa wa kitu chenyewe. Kisanamu cha milimita 28, kipimo ambacho kwa kawaida huhesabiwa toka nyayo hadi usawa wa macho (ingawa watengenezaji hawakubaliani), ni kidogo kiasi kwamba mwanga wa chumbani hauwezi kukitengenezea vivuli vya maana. Mtu akisimama chini ya taa, kidevu kinatupa kivuli shingoni na mikunjo ya nguo inaonekana tokea mbali. Kisanamu chini ya taa hiyohiyo humulikwa kote karibu sawasawa. Kwa hiyo kivuli utakipaka wewe, na utakipaka kwa kuzidisha. Ukikishika karibu na uso utadhani umeharibu. Kiweke mezani, nyoosha mgongo, kitazame tena kwa umbali ambao mchezaji mwenzako atakitazama. Hapo ndipo pa kuamulia.

Vifaa, kwa ufupi

Anayeanza hukimbilia brashi nyembamba kuliko zote dukani, akiamini kuwa brashi ndogo ndiyo inayotoa mstari mwembamba. Mstari mwembamba unatoka kwenye ncha kali. Brashi namba 1 au 2 iliyotengenezwa vizuri ina ncha ya kutosha kuchora jicho, na tumbo lake linabeba rangi ya kukufikisha mwisho wa mstari. Namba 000 inabeba kitone ambacho hukauka njiani. Brashi za nywele za kolinski (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche), kama Winsor & Newton Series 7, zinasifiwa kwa haki, ila ni ghali na hazisamehi uzembe. Brashi ya sinthetiki inatosha kujifunzia. Udhaifu wake ni kwamba ncha hupinda baada ya muda, na ikishapinda hairudi, basi unaihamishia kwenye kazi ya kuchanganya rangi.

Usiruhusu rangi ipande hadi kwenye pete ya chuma inayoshika singa. Ikikauka mle ndani, singa hutanuka na ncha inapotea moja kwa moja. Chovya hadi nusu ya singa tu, suuza kila baada ya dakika chache, usiiache brashi imesimama kichwa chini kwenye kikombe, na ukimaliza ioshe kwa sabuni kisha uitengeneze ncha kwa vidole. Tabia ya kuichongoa ncha kwa midomo wanayo wengi. Iache, kwa sababu baadhi ya rangi zina kemikali usizotaka kuzimeza.

Upande wa rangi, tafuta akriliki ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya visanamu: Citadel, Vallejo, The Army Painter, Reaper na wenzao. Chembe zake zimesagwa laini kuliko za akriliki ya kawaida ya uchoraji, kwa hiyo hata ukiipaka nyembamba inafunika bila kuziba nakshi. Chupa kumi au kumi na mbili zinatosha kwa muda mrefu. Ukiwa na nyeusi, nyeupe, nyekundu, manjano, buluu, kijani, kahawia ya giza, kahawia hafifu, rangi ya ngozi, rangi ya mfupa, fedha na dhahabu, pamoja na chupa moja ya rangi ya kivuli (rangi majimaji ya kutia giza mabondeni) ya kahawia na nyingine nyeusi, huna kisingizio. Kuchanganya mwenyewe kutakufundisha mambo ambayo seti ya chupa hamsini itakuficha.

Taa ni muhimu kuliko chupa ya kumi na tano. Tafuta balbu ya mwanga mweupe wa mchana, kati ya Kelvini 5000 na 6500, yenye CRI ya 90 au zaidi, ambacho ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kama zilivyo. Chini ya balbu ya manjano utachanganya rangi ya ngozi unayoipenda usiku, na asubuhi utakuta kitu kingine kabisa.

Hatua ya 1: Safisha kabla ya kupaka

Visanamu hutoka kwenye kalibu, na pale nusu mbili za kalibu zinapokutana hubaki mshono mwembamba unaopita begani, ubavuni, wakati mwingine katikati ya uso. Plastiki ikiwa tupu hauonekani. Ukishapaka rangi, mwanga wote unaishia juu yake. Upitie kwa mgongo wa kisu kidogo cha ufundi, si kwa makali, ukikwangua taratibu badala ya kukata. Sehemu ngumu kufikika zimalizie kwa msasa laini.

Visanamu vya resini vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu mara nyingi vinakuja na mabaki ya mafuta yaliyopakwa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Resini ukiipiga msasa, ilowanishe kwanza na uvae barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Visanamu vya chuma vya zamani vingi vilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi. Ukivirithi, usivipige msasa vikiwa vikavu, na nawa mikono kila ukimaliza.

Kisha kibandike kisanamu juu ya kizibo au kichupa kidogo kwa tepu yenye gundi pande mbili. Hicho ndicho kishikio chako hadi mwisho. Vidole vina mafuta na vinasugua kingo, na vilevile kishikio kinakuwezesha kuegemeza viwiko mezani na kukutanisha viganja vya mikono. Mtetemeko wa mkono hupungua sana mikono yote miwili inapogusana, kwa sababu ikitetemeka inatetemeka pamoja.

Hatua ya 2: Praima, na mwanga wa bure

Akriliki haishiki vizuri kwenye plastiki, resini wala chuma kitupu, ndiyo maana tunaanza na praima, yaani tabaka la kwanza linalozisaidia rangi nyingine kushika. Ukitumia kopo la kupulizia, litikise dakika mbili nzima, simama sehemu yenye hewa, weka umbali wa sentimita 20 hadi 30, na puliza kwa mipito mifupi. Anza kupuliza nje ya kisanamu, pita juu yake, malizia nje upande wa pili. Ukipuliza kutoka mbali mno au kwenye joto kali, rangi hukauka ikiwa hewani na kutua kama vumbi, uso ukawa na chengachenga. Unyevu mwingi hewani nao unaharibu. Siku zisipofaa, ipo praima ya kupaka kwa brashi, na inafanya kazi vizuri ukiwa na subira ya tabaka mbili.

Rangi gani? Nyeusi inasamehe, maana palipokosa rangi panaonekana kama kivuli. Nyeupe inang'arisha lakini inafichua kila kosa. Ushauri wangu ni kutumia zote mbili. Puliza nyeusi kote, subiri ikauke, kisha puliza nyeupe kidogo kutoka juu pekee, kama vile jua liko utosini. Kijivu kinachotokea katikati kinakuonyesha wazi ni wapi mwanga unaangukia na wapi haufiki: chini ya kwapa, ndani ya kofia ya joho, nyuma ya magoti. Kabla hujaweka hata tone la rangi, kipige picha kwa simu kutoka pande nne. Picha hizo ni ramani. Utakapofika kwenye hatua ya kuweka mwanga na ukawa hujui kama mkunjo fulani unastahili kung'aa au kufifia, jibu liko humo.

Hatua ya 3: Maji

Ningekuwa na ruhusa ya kuandika hatua moja tu, ningeandika hii.

Rangi ikitoka kwenye chupa ni nzito mno kwa kisanamu. Ukiipaka hivyohivyo, inajaza pete za mnyororo, inafuta kope, inaacha michirizi ya brashi ambayo hutaiondoa tena. Tabaka mbili au tatu nyembamba ndiyo njia, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lenye madoa, na litakutamanisha kulirekebisha likiwa bado bichi. Liache. Rangi iliyoanza kukauka ukiigusa inachanika na kuacha vipele.

Kwa kazi hii unahitaji paleti yenye unyevu, na unaweza kuitengeneza sasa hivi. Chukua kontena bapa la plastiki lenye kifuniko. Tandika sponji nyembamba au tishu kadhaa zilizokunjwa, zimwagie maji hadi zilowe bila kuogelea, juu yake laza karatasi ya kuokea. Unyevu hupenya polepole kutoka chini, rangi inabaki mbichi kwa saa nyingi, na ukifunika unaweza kuikuta ikifaa hata kesho. Rangi za metali ziwekee sahani tofauti, maana chembe zake zinazometa husambaa na kuchafua kila kilicho jirani.

Sasa maji kiasi gani? Vipimo vinatofautiana kwa kila chupa, lakini anza na sehemu moja ya maji kwa sehemu mbili za rangi, halafu pima kwenye ukucha wa kidole gumba. Vuta mstari mmoja. Ukiona michirizi ya singa, ongeza maji. Rangi ikikimbilia kwenye kingo za ukucha na kuingia kwenye mistari ya ngozi, umezidisha. Ikikaa pale ulipoiweka, nyororo, ukucha ukionekana kwa mbali chini yake, hiyo ndiyo unayoitaka.

Halafu linakuja jambo ambalo wengi hawaambiwi: wingi wa maji kwenye rangi ni kitu kimoja, na wingi wa rangi kwenye brashi ni kitu kingine. Unaweza kuchanganya sawasawa kabisa na bado ukafurika kisanamu. Chovya ncha, izungushe taratibu juu ya karatasi ya paleti huku ukiivuta ili irudi kuwa kali, kisha iguse tishu mara moja ubavuni, mguso tu. Tishu inanyonya ziada iliyojificha kwenye tumbo la brashi. Ukiuruka mguso huo, utakapoweka ncha juu ya kisanamu rangi yote itashuka kwa mpigo na kutuama kwenye kila bonde. Ukiufanya, rangi inatoka pale tu unapobonyeza. Zoezi la kukaa nalo: chora mistari sambamba kwenye kipande cha plastiki kilichopakwa praima, ishirini kwa brashi iliyoguswa tishu na ishirini kwa isiyoguswa. Tofauti utaiona mwenyewe.

La mwisho kuhusu maji ni mwelekeo wa mpito. Rangi nyembamba hujikusanya pale brashi inapoinuka, si pale inapoanzia. Kwa hiyo ukitaka kivuli kizidi ndani ya mkunjo, anzia nje na uvutie ndani. Ukitaka mwanga uzidi kileleni, vutia kileleni. Mtu akishaizoea hii, nusu ya mipaka mikali kati ya rangi na rangi inapotea bila ufundi mwingine wowote.

Hatua ya 4: Rangi za msingi na rangi ya kivuli

Paka kuanzia ndani kwenda nje: kwanza ngozi, kisha nguo, kisha deraya, mwisho mikanda na pochi. Vilivyo ndani ni vigumu kufikika, na ukimwaga rangi juu ya kilicho nje hakuna hasara kwa sababu bado hujakipaka.

Chagua rangi tatu kuu, zaidi ya hapo kisanamu kinakuwa vurugu. Moja itawale, ya pili iisaidie, ya tatu ionekane mahali padogo panapostahili kuvuta jicho, kwa mfano kito cha kwenye fimbo ya mchawi.

Baadhi ya rangi zina tabia zake. Manjano haifuniki vizuri, itangulizie kahawia hafifu au rangi ya mfupa. Nyeupe usiipake nyeupe tangu mwanzo, anza na kijivu hafifu uiache nyeupe halisi kwa ajili ya kingo, vinginevyo huna pa kupanda. Nyeusi kadhalika: tumia kijivu cha giza, la sivyo vivuli havitakuwa na pa kushukia.

Rangi za msingi zikikauka kabisa, ndipo unaleta rangi ya kivuli, ile majimaji inayotiririkia kwenye mabonde na kuyatia giza. Ni msaada mkubwa na pia ni mtego. Ukimwagia kisanamu kizima, inatia giza kila mahali, na ikikauka juu ya sehemu bapa inaacha duara chafu kama la kahawa iliyomwagika. Ipeleke kwenye mabonde kwa brashi, na kila inapotuama palipo wazi inyonye kwa brashi safi yenye unyevu. Kwenye deraya, manyoya na minyororo unaweza kuwa mkarimu. Kwenye uso na joho pana, kuwa bahili.

Hatua ya 5: Mwanga, kwa mfano wa joho jekundu

Hapa ndipo visanamu vingi huishia njiani. Mtu anapaka msingi, anamwaga kivuli, anaridhika. Kilichobaki ndicho chenye faida kubwa.

Chukua joho jekundu. Msingi wake ni nyekundu iliyotiwa kahawia kidogo, na mabonde yamekwisha pata rangi ya kivuli. Rudisha nyekundu halisi kwenye sehemu zote zilizoinuka, ukiacha mabonde jinsi yalivyo. Kisha changanya nyekundu na chungwa kidogo (nyekundu kiasi na tone la manjano vitakupa hiyo chungwa), upake theluthi mbili za juu za kila mkunjo. Ongeza chungwa, punguza eneo: sasa ni mgongo wa mkunjo tu. Mwisho, chungwa iliyochanganywa na rangi ya ngozi, mstari mwembamba kwenye vilele na kwenye ukingo wa chini wa joho. Usitumie nyeupe kung'arisha nyekundu, utapata waridi na shujaa wako atavaa kitu tofauti na ulichokusudia.

Kwa upande wa kivuli, rudi kwenye bonde refu kabisa na uongeze nyekundu iliyotiwa buluu ya giza au kijani ya giza. Nyeusi tupu inafanya kazi, lakini inaua rangi, bonde linaonekana kama masizi. Nyekundu yenye buluu ndani yake inabaki nyekundu hata gizani.

Ngazi zitaonekana, mpaka kati ya tabaka na tabaka. Kuzilainisha, chukua rangi ya katikati, iongezee maji hadi iwe kama maji yenye rangi, sehemu moja ya rangi kwa sita au nane za maji, futa karibu yote kwenye tishu, na upitishe juu ya mpaka mara kadhaa ukiacha ikauke kila mara. Kila mpito unabadilisha kidogo sana. Ukiona tone linatuama, brashi imelowa mno. Ila usiache kazi hii ikule. Kwa kisanamu cha mezani, ngazi nne zenye tofauti kubwa zinapendeza kuliko mpito laini usioonekana kwa umbali wa mkono.

Kingo za deraya na silaha zina njia ya mkato: laza ubavu wa brashi, si ncha, kwenye ukingo na uvute. Ukingo wenyewe unaamua wapi rangi ishike.

Unajuaje kama umefika? Kipige picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, uiweke sambamba na ile uliyopiga baada ya praima. Kama picha mpya ni kijivu kimoja kuanzia kichwani hadi miguuni, bado. Rudi uongeze pande zote mbili, giza na mwanga. Kipimo hiki hakibembelezi, nakipenda kwa sababu hiyo.

Njia za haraka, na mahali pake

Brashi kavu ni kuchovya brashi pana, laini, kufuta karibu rangi yote kwenye tishu na kuipitisha juu ya nakshi ili vilele pekee vishike. Kwa manyoya, mawe, magamba ya joka na minyororo hakuna kinachoishinda kwa kasi. Brashi ya vipodozi yenye kichwa cha duara inafanya kazi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa kwa jina hilo. Sehemu laini kama uso usiiguse kwa njia hii, itaacha chengachenga.

Halafu zipo rangi za mpako mmoja, aina iliyopata umaarufu Citadel walipotoa Contrast mwaka 2019, na watengenezaji wengine wakafuata na zao. Zinatiririkia mabondeni na kubaki hafifu vileleni, msingi na kivuli kwa pamoja. Wapo wanaozidharau. Mimi sioni sababu: juu ya praima ya nyeusi na nyeupe niliyoieleza, zinakupa jeshi zima la mifupa inayotembea kwa muda mfupi, na hakuna kinachokuzuia kuongeza mwanga wako juu yake. Tatizo linakuja pale mtu anapoacha hapo na kushangaa mbona hapandi daraja.

Hatua ya 6: Uso

Mtazamaji hutazama uso kwanza, na mara nyingi haendi kwingine kwa sekunde kadhaa. Uso mzuri juu ya kisanamu cha wastani unakiokoa kizima, kwa hiyo gawa muda wako hivyo.

Anza na macho, kabla ya kumaliza ngozi. Tundu la jicho lipake kahawia ya giza. Ndani yake weka mstari mfupi wa nyeupe iliyotiwa mfupa kidogo, si nyeupe tupu, ukiacha ule uzi wa giza kuzunguka. Kisha mboni: usiweke nukta katikati, kwa sababu nukta iliyozungukwa na weupe pande zote inampa zimwi wako sura ya mtu aliyeona nyoka. Vuta mstari mdogo wa wima kutoka kope la juu hadi la chini. Ukianza na lile jicho lililo gumu kwa mkono wako, la pili utalilinganisha nalo kwa urahisi. Halafu rangi ya ngozi inarudi na kusafisha kandokando, hapo ndipo umbo la jicho linapopatikana. Makosa yote unayafuta kwa ngozi, ndiyo maana macho yanatangulia.

Na kama kisanamu ni cha askari wa safu ya nyuma, acha tundu likiwa na kivuli tu. Kwa umbali wa mezani hakuna atakayedai macho.

Ngozi inafuata mpango uleule wa joho, ila mwanga uwe paji la uso, mgongo wa pua, vilele vya mashavu, mdomo wa chini na kidevu. Tone la nyekundu kwenye rangi ya msingi, likipakwa jembamba mashavuni na ncha ya pua, linaleta damu. Ngozi nyeusi au ya kahawia iliyokolea hustawi kwa kung'arishwa kuelekea chungwa na rangi ya mfupa, na vivuli vyake vikiwa na zambarau au buluu kidogo. Ukiing'arisha kwa nyeupe inakuwa jivu.

Hatua ya 7: Metali

Badilisha maji ya kikombe kabla na baada. Fedha: msingi, kivuli cheusi mabondeni, fedha safi kwenye kingo. Dhahabu: kivuli cha kahawia, kisha kingo za dhahabu iliyochanganywa na fedha. Kosa la kawaida ni kufikiri kuwa rangi ikishameta haihitaji kivuli. Inahitaji kuliko nguo, maana chuma halisi kina giza nene karibu kabisa na mng'ao mkali. Ile mbinu ya kuigiza chuma kwa rangi zisizometa, unayoiona kwenye mashindano, iache kwanza. Inadai ujue mwanga vizuri, na ukishaujua utaifikia mwenyewe.

Hatua ya 8: Kitako na vanishi

Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye kitako, chovya kwenye mchanga mkavu, subiri ikauke vizuri, paka kahawia ya giza, piga brashi kavu ya kahawia hafifu kisha ya mfupa. Ukingo wa kitako upake rangi moja safi, nyeusi au kahawia, bila michirizi. Ni dakika chache, na kisanamu kinaonekana kimekamilika.

Kama kitachezewa, kipake vanishi isiyong'aa. Ya kwenye chupa itikise sana, kwani kile kinachofuta mng'ao hutuama chini. Ya kupulizia usiitumie siku yenye unyevu mwingi hewani, kwa sababu inaweza kukauka na ukungu mweupe juu ya kazi yako yote. Jaribu kwanza kwenye kisanamu usichokijali. Vanishi isiyong'aa hufifisha metali, hivyo rudisha mguso wa fedha kwenye kingo ikishakauka.

Jinsi ya kufanya mazoezi

Kila kisanamu kipe somo moja. Hiki ni cha kujifunza mikunjo, kijacho ni cha uso, kinachofuata ni cha metali. Mengine yote yafanye kwa kiwango chako cha kawaida bila kujitesa. Ukitaka kuboresha mambo saba kwa wakati mmoja, hutajua ni lipi lililosaidia. Andika kwenye daftari mchanganyiko wa rangi uliokubali, maana baada ya miezi miwili utataka joho lingine kama lile na hutakumbuka kulikuwa na tone la nini.

Maliza unachoanza, hata kilichokuudhi. Hatua za mwisho, yaani kingo, macho na kitako, ndizo zinazofanyiwa mazoezi kidogo kuliko zote, kwa sababu visanamu vingi hutelekezwa kabla ya kufika huko. Usivifute rangi vile vya kwanza. Viweke kwenye rafu, vitakuonyesha umetoka wapi kuliko maneno ya mtu yeyote.

Kwa vile ambavyo kweli unavitaka upya, cha chuma au cha plastiki ngumu kinaweza kulowekwa kwenye pombe ya isopropili kisha kusuguliwa kwa mswaki mzee, ukiwa umevaa glavu, dirisha liko wazi na hakuna moto karibu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya plastiki ambako kisanamu kilikatwa, na uangalie baada ya saa moja kama plastiki imebaki ngumu. Resini iogope zaidi, baadhi yake hulainika. Rangi ya zamani isipotoka yote mabondeni, haidhuru. Suuza, kausha, pulizia praima nyembamba na uendelee.